Sara wa Chumba cha Simu

22 Septemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku Marekani imeanza mapema mwaka huu na koti nililonunua linanifanya nionekane gunia la mahindi linalotembea. Nimeongea na baba jana. Goti lina nafuu, anafika mpaka kwenye shamba la kahawa na kurudi bila fimbo, ingawa mama anasema fimbo ameificha mwenyewe ili tusimwite mzee. Evans amepata mchumba, msichana wa Kibosho, na baba ameshaanza kuuliza pombe ya mbege itapikwa kwa nani. Usiseme umesikia kwangu, kaka anataka kukuambia kwa mdomo wake.

Najua huko Dubai simu za WhatsApp hazipigiki, na sauti za kurekodi huzitaki kwa kuwa chumba kizima mnacholala huko Al Qusais kinasikiliza. Kwa hiyo nakuandikia barua ndefu kwenye imeili, kama ulivyonizoesha tangu nikiwa sekondari.

Nina jambo. Nilikuambia nimepata kazi ya kusaidia utafiti hapa chuoni wakati namalizia shahada yangu ya pili. Ni kituo kinachochunguza ubaguzi wa rangi na haki za raia: nani anapata kazi, nani anapangishwa nyumba, nani anasimamishwa na polisi barabarani. Wakishapata matokeo wanawapelekea madiwani na wabunge ili sheria zibadilike. Mwaka jana waliwatumia waajiri maombi ya kazi mawili mawili, yanayofanana kila kitu, tofauti ni jina tu. Mwenye jina la Kizungu aliitwa kwenye usaili. Mwenye jina la watu weusi hakujibiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua majibu, shangazi, na ilifika mahali nikawa naogopa kufungua.

Sasa wanaandika ripoti kuhusu Waafrika wanaofanya kazi ugenini, Ghuba ikiwemo. Profesa wangu, ambaye ndiye mkurugenzi wa kituo, aliniuliza kama kuna mtu ninayemfahamu Dubai. Kwanza nilijifanya natafuta faili. Halafu nikasema yupo. Ungekubali kunieleza kazi yako ilivyo hasa? Si lazima. Ukikataa sitauliza tena.

Mwanao,
Anna

3 Novemba 2024

Mwanangu Anna,

Marahaba. Mungu akulinde na baridi hiyo, na hilo gunia usilivue, bora kuchekwa kuliko kukohoa. Evans kaniambia mwenyewe. Nikajifanya nimeshtuka, nikapiga na kigelegele, mpaka Mama Wilbard akaruka kitandani akidhani kuna moto. Mama Wilbard nilishakutajia, yule wa Mbinga, kitanda cha chini. Tunalala chumba kimoja na kazini tuko chumba kimoja. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, sikuwahi kumwona namna hiyo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ulinikasirisha. Msomi mzima unamuuliza shangazi yako kazi yake ilivyo! Kazi ni kazi. Naamka, napanda basi la kampuni, narudi, nalala. Nikafunga simu, nikasema mtoto huyu ameanza kunitazama kwa miwani ya Wazungu. Lakini maneno yako yamenikaa kooni, kwa hiyo ngoja niyateme.

Hotelini kwetu Al Rigga kuna chumba cha simu, kule chini, nyuma ya dobi. Dirisha hakina. Tuko wawili, mimi na Mama Wilbard, mchana tuko pamoja, usiku tunapokezana zamu. Mgeni akipiga sifuri kutoka chumbani kwake anatupata sisi. Na kila anayepokea lazima aseme kwa Kiingereza, hapa ni Sara, nikusaidie nini. Sara ni nani? Hakuna. Aliwahi kuwepo, akaondoka kabla hatujafika, jina likabaki. Meneja anasema wageni wamelizoea na hataki kuwachanganya.

Mimi niliomba mapokezi. Cheti cha hoteli ninacho, unajua, baba yako aliuza ng'ombe. Wakanisikiliza, wakaniambia, dada, una sauti nzuri sana, tutakuweka kwenye simu. Nikafurahi, mjinga mimi. Halafu nikapita pale mapokezi nikawatazama waliosimama, wote. Wa rangi yangu tuko wa kutosha hoteli ile, tunabeba mizigo, tunafua, tunalinda mlango kama Dancan, yule kijana wa Kenya. Pale mbele, hakuna. Nyinyi huko mnatuma maombi ya kujificha ili mgundue. Huku mtu unapita tu na ndoo yako unaona.

Sasa sikiliza kituko. Mwezi uliopita alikuja mgeni, mama mmoja Mwarabu, na boksi la tende limefungwa utepe. Akaenda mapokezi, akasema nataka kumwona Sara. Mtoto wake alipandwa na homa, na Sara ndiye aliyemtuliza kwenye simu na kumtafutia daktari. Dancan alikuwa mlangoni, ndiye aliyetusimulia. Meneja akamkonyeza binti mmoja wa mapokezi, mweupe, nywele mpaka kiunoni. Binti akatoka mbele, akasema, mimi ndiye Sara. Wakakumbatiana. Yule mama akalia. Sisi tuko kule chini tunapokea simu za watu wanaotaka mataulo.

Nani kati yetu alikuwa zamu siku ya homa, hatukuulizana. Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma, na Mama Wilbard akawa ananiita Sara mkubwa na mimi namwita Sara mdogo. Kesho yake sikucheka tena, na sijui kwa nini nakuambia.

Ukitaka kuliandika, liandike. Lakini jina langu lisionekane hata kivuli chake. Huku maneno ya mtandaoni yana sheria zake, na mimi viza yangu iko mikononi mwa hao hao. Umenisikia?

Shangazi yako

20 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na heri ya Krismasi inayokuja. Nimesikia nyumbani mvua imeharibu njia ya kwetu na gari la baba mdogo limenasa pale pale linaponasa kila mwaka. Posa ya Evans imepokelewa. Mama anasema wakwe wamemuuliza shangazi wa bwana harusi yuko wapi, na baba akawaambia yuko Dubai, ni mtu wa simu wa hoteli kubwa. Alilisema kwa maringo, mama alicheka.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye ngazi za maktaba na nikairudia pale pale. Nimeiandika kama ulivyosema. Hoteli sikuitaja, mtaa sikuutaja, tende nimezigeuza maua. Sara nimemwacha, maana nikimtoa Sara hakuna kinachobaki. Profesa aliposoma alitoka nje ya ofisi yake, akarudi, akaniambia hiki ndicho kitakachofungua ripoti. Ukurasa wa kwanza kabisa, shangazi! Maneno yako yatasomwa na watu wanaotunga sera.

Jina lako halimo. Nimekupa lingine, la heshima. Sikuambii sasa. Ripoti ikitoka mwezi wa kwanza nitakutumia, utaliona mwenyewe, na najua utatabasamu. Iwe zawadi yangu ya Krismasi.

Mwanao anayejivunia,
Anna

9 Februari 2025

Anna,

Huku tunapumua. Nyumbani sijapiga.

Ripoti yenu imefika kabla hujanitumia. Dancan aliiona kwenye kundi la simu la watu wa Afrika Mashariki tulioko Dubai, akaitupia kwa kila mtu hotelini, furaha tele. Akaja mpaka chini kunionyesha: "Auntie, cheki, hii ni sisi kabisa! Wametuandika, manze!" Hakuwa na ubaya. Kufika jioni ilikuwa mezani kwa Sir Nabil, mkubwa wa utumishi.

Asubuhi akamwita Mama Wilbard. Peke yake. Alikaa huko muda mrefu, mimi niko kwenye simu nasema Sara, Sara, Sara, na sijui nilikuwa nawajibu wageni nini. Aliporudi alichukua sweta yake na kikombe chake cha chai. Akaniambia, "Nimesimamishwa, mama. Simu ya chumba cha juu inalia, pokea." Basi.

Sasa nijibu mimi. Kwa nini umemwandika Mama Wilbard? Nilikupa maneno yangu, nikakuomba ufiche jina langu. Nilikuambia ubandike la mwenzangu? Emiliana! Limeandikwa wazi ukurasa wa kwanza, Emiliana, mhudumu wa simu hotelini. Hoteli nzima Emiliana ni mmoja, na yuko hapa kitandani kwake anakunja nguo za watu wengine kwa sababu hana la kufanya. Na wewe uliniambia nitatabasamu.

Mama wa watu ana mtoto shuleni. Amekukosea nini?

Shangazi yako

9 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma sasa hivi na nakujibu hapo hapo, nisamehe nikikosea herufi.

Emiliana ni bibi! Ni mama yako, shangazi. Ni bibi Emiliana wa Mamsera, ninayemfahamu kwa picha ile ya kitenge cha kijani. Naapa kwa kaburi lake sikujua kama Mama Wilbard anaitwa hivyo. Tangu uanze kuniandikia kutoka Dubai ni Mama Wilbard hiki, Mama Wilbard kile. Ningeuliza jina lake kwa nini? Kwetu nani anamuuliza mama wa watu jina lake?

Wenzangu hapa wakitaka kumficha mtu wanampa herufi, au jina wanaloliokota tu hewani. Mimi niliona aibu kukubandikia jina la kuokota, wewe uliyenifundisha kusoma. Nikasema nimpe la mama yake, ili hata akifichwa awe bado mtu wa kwao. Nililia nilipoliandika, kwa furaha. Sasa nataka kujipiga.

Kesho asubuhi naenda kwa profesa. Nitamwomba kituo kiandike barua rasmi kwa hoteli yenu, yenye muhuri wa chuo, iseme kwamba Emiliana ni jina la kubuni na kwamba aliyezungumza nasi si mtu mwenye jina hilo. Jina lako halitatajwa. Nipe siku chache tu. Tafadhali usimchukie mwanao.

Anna

16 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sikuchukii. Siku ile ningekuwa karibu ningekuchapa, ukubwa huo huo, halafu ningekukumbatia. Hasira zilinipofusha hata nisimkumbuke mama yangu. Alipenda jina lake, sasa angalia lilikofika.

Harusi ya Evans ni mwezi wa saba, naambiwa kanisa limeshapangwa. Baba yako anauliza nitavaa rangi gani. Nimemwambia zambarau, ili tu anyamaze.

Barua yenu haijafika. Najua ofisi za wakubwa ni pole pole, nasubiri. Mama Wilbard naye anasubiri. Kampuni inasema uamuzi bado. Anashinda chumbani, amekuwa mpishi wetu. Wanawake wote wa ghorofa yetu wanarudi kazini wanakuta chakula. Hajaniuliza kitu hata kimoja. Nimemuuliza mimi, kule kwa Sir Nabil ulisema nini? Akasema, "Nilijibu nilichoulizwa." Akaendelea kukoroga.

Sijamwambia, Anna. Kila siku ndani ya basi najisemea leo, leo, nikifika mlangoni nakuta amenipakulia na kufunika. Nitaanzia wapi? Nitamwambia kukaa kwako hapa bila kazi ni kwa ajili ya mdomo wangu, halafu nichukue kijiko?

Acha nikuambie ninachoogopa, maana nikilala nacho kinanikaba. Nikienda kwa Sir Nabil nikasema ni mimi, viza inafutwa. Narudi kwenye harusi ya Evans mtu aliyefukuzwa, mbele ya wakwe walioambiwa nina kazi kubwa. Baba yako alikataa nisije huku, tulikosana miezi, na nilimwambia utaona. Ataona, eh? Barua yenu ikija, itamtoa Mama Wilbard bila kuniingiza mimi. Ndiyo maana nakusumbua. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Harakisha, mama.

Shangazi yako

13 Aprili 2025

Anna,

U mzima? Baba yako anasema hata kwao hupigi. Sikuandikii kwa ajili ya barua tu. Ukiwa unaumwa sema. Ukiwa umekasirika sema pia.

Wamempa Mama Wilbard tarehe. Mwisho wa mwezi wa tano anaondoka. Jana alinionyesha viatu alivyomnunulia Wilbard, akauliza kama naona vitamtosha.

Shangazi yako

27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Siumwi. Kila siku nilifungua barua yako nikaifunga, nisamehe.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana sikutaka kukiamini mwenyewe. Nilipokwenda kwa profesa alikubali pale pale, akasema barua itaandikwa. Wiki hiyo hiyo ikaja amri kutoka kwa wakubwa wa chuo, wanaoiogopa serikali mpya. Fedha za kituo zimesimamishwa. Neno rangi limeondolewa kwenye kibao cha mlangoni, nikapita siku moja nikakuta fundi yuko kwenye ngazi analibandua. Kisha profesa akaondoka, wanasema amestaafu. Ripoti zetu zote zimetolewa kwenye tovuti. Na mwanasheria wa chuo ametuita tuliobaki, akasema hakuna mtu kuandika barua kwenda popote kwa jina la kituo, kwa sababu kituo hakipo.

Nilimwambia kuna mama mmoja anapoteza kazi kwa ajili yetu. Akasema pole sana, akaandika kitu, akatazama saa.

Hicho ndicho ninachoweza kukuambia kwa urahisi. Kisicho rahisi ni hiki: ningeweza kuandika mwenyewe, kwa jina langu, tangu mwezi wa tatu. Niliandika. Nikafuta. Nikaandika tena. Shangazi, na mimi nina viza. Wanafunzi wageni hapa sasa wanatembea kimya, wapo waliofutiwa viza kwa maneno waliyoandika tu, mwenzangu wa Uganda amefuta hata picha zake mtandaoni. Niliogopa jina langu lisije likaonekana. Ndipo nikaelewa nilikuomba nini mwezi ule wa tisa. Nilikuomba kitu ambacho mimi mwenyewe kimenishinda.

Leo nimeiandika na sikuifuta. Nimeiambatanisha hapa. Haina muhuri. Inasema mimi, Anna Japhet Silayo, ndiye niliyebuni jina Emiliana, kwamba ni jina la marehemu bibi yangu, na kwamba aliyenisimulia habari za Sara ni mtu mwingine nisiyeweza kumtaja. Nimeweka namba yangu ya simu na anwani. Itumie ukiona inafaa. Ukiona haifai, itupe, lakini usiseme sikuandika.

Mwanao,
Anna

25 Mei 2025

Mwanangu Anna,

Marahaba, marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya basi, nikaacha basi likaondoka. Naogopa kwa ajili yako, nisikufiche. Kaa kimya sasa, soma, maliza. Umeshafanya.

Niliichapisha pale kwenye duka la fotokopi karibu na stesheni ya metro, Al Qusais, na kesho yake nikapanda kwa Sir Nabil. Nilikuwa nimepanga kumpa karatasi na kushuka. Alisoma. Akafungua kompyuta akaitafuta ripoti, haipo. Akacheka kidogo, akasema ripoti yenyewe wenyewe wameifuta, unaniletea nini? Na huyu Anna ni nani?

Nikasema ni binti wa kaka yangu.

Anna, sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka. Likishatoka hilo, mengine yanafuata yenyewe. Nikamwambia Sir, maneno yale ni yangu. Si ya Emiliana. Mimi ndiye niliyesema, mimi, Leah. Mwache mwenzangu, nitoe mimi. 

Alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema, "Emiliana ameshakubali, amesaini. Tiketi yake tayari. Nikikutoa na wewe, nani atapokea simu? Khalas, yamekwisha. Yalla, rudi chini." Akanirudishia karatasi yako. Hata kulichukua jina langu hakutaka.

Nikashuka. Jioni nikaenda moja kwa moja jikoni, kabla sijavua viatu, maana nilijua nikikaa nitakula. Nikamwambia Mama Wilbard yote, kuanzia barua yako ya kwanza. Nililia vibaya, wanawake wengine wakatoka. Yeye akazima jiko. Nilingoja anitukane, ningeshukuru.

Akasema, "Mama, nilijua tangu siku ile. Hadithi ya Sara tunaijua wangapi? Mimi, wewe na Dancan, na Dancan hawezi kuandika kitu bila kujisifu."

Nikamuuliza kwa nini alikubali. Sitaongeza neno, nakuandikia alivyosema: "Yule mtoto wa homa, ilikuwa zamu yangu. Nilikaa na mama yake kwenye simu mpaka daktari akafika, nikamwimbia mtoto ule wimbo ninaomwimbia Wilbard. Zile tende zilikuwa zangu. Wewe hukuuliza, na mimi sikusema, kwa sababu tulikuwa tunacheka. Sasa Sir Nabil ananiita, ananionyesha karatasi, ananiuliza, wewe Emiliana, haya yalikutokea wewe? Miaka yote naitika Sara katika jengo lile. Ananiita Emiliana, na kilichoandikwa ni kweli tupu, kilinitokea mimi. Nikane? Nilisema ndiyo. Nilijibu nilichoulizwa."

Nilidhani hadithi ile ni ya kwangu, Anna. Nilikuandikia wewe kama ya kwangu au ya mtu yeyote. Sara mkubwa, Sara mdogo! Miezi minane nakaa na mwenye tende zake na sikumuuliza.

Kisha akaniambia, ukimwandikia mtoto wako, mwambie kama ripoti ile itarudi siku moja, asilitoe jina langu. Nimekuambia.

Juzi tulimsindikiza. Dancan alibeba masanduku, akawa anaomba msamaha mpaka mama wa watu akamwambia anyamaze asije akamchelewesha. Pale uwanja wa ndege alinishika mkono akasema niende kwenye harusi na zambarau yangu, asisikie nimejificha. Halafu akaingia. Hakugeuka, ana haraka ya kumwona Wilbard.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kwanza tangu aondoke. Mwenzangu mpya bado hawajampata. Chumba kile, Anna, sikuwahi kujua kilivyo kidogo, kiti chake nimekisogeza mara tatu na kila mahali kinanitazama. Sikutulia. Nikasimama, nikakaa, nikafuta meza isiyo na vumbi. Simu ikalia, chumba cha juu. Nikaiacha ilie. Ikalia tena.

Nikapokea. Nikasema, hapa ni Leah, nikusaidie nini.

 Mtu mzima, mwanamume, akauliza, "Sara hayupo?" Nikamwambia hayupo, bwana. Alikuwa Emiliana, ameondoka. Mimi naitwa Leah. Akasema, sawa, Leah, naomba mito miwili.

Nimeagiza apelekewe mito. Baada yake nimepokea simu zote hivyo hivyo. Sijui watajua lini, labda wameshajua, labda kesho naitwa juu.  Usimwambie baba yako bado. Nikiitwa nitakuandikia, nisipoitwa nitakuandikia pia.

Shangazi yako,
Leah Elias Silayo